Mwanamke Huyu Simuui

Riwaya yangu ina mama wa watoto watatu, miaka 41, anayeuza mitumba hapa Kariobangi, Eastlands ya Nairobi. Siku moja anakwenda kwenye karakana za Light Industries kuchukua mlango wa chuma alioagiza. Fundi anavua miwani ya kuchomelea, jasho linamteremka hadi kiwikoni, na mama huyu anasahau bei waliyopatana. Anamtaka. Hakutongozwa, hakulewa, hakurogwa. Wiki hiyohiyo anarudi kuulizia komeo asilolihitaji.

Mchapishaji mmoja alisifu lugha yangu, kisha akauliza: adhabu yake iko wapi? Alitaka mama huyu aambukizwe, au afumaniwe, ili kitabu kipate nafasi ya kufikiriwa shuleni. Biashara ya vitabu Kenya inaishi kwa shule, kwa hiyo nilimwelewa. Sikukubali.

Wanawake kama yeye tumewazika wengi mno vitabuni. Rosa, katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), anaishia kujiua, na bado kitabu kilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Zaidi ya karne moja kabla yake, mwaka 1858, Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi akamfunza kujipamba, kumkanda mume, kumpepea alalapo. Mwili wa mke umo tele mle. Njaa yake haimo.

Wao kwa wao, wanawake hawakuificha kamwe. Mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar mwaka 2013, aliwafunda mabinti kwa ngoma ya unyago, wanaume wakiwa mbali. Kwetu Kariobangi unyago ni saluni. Mlango ukirudishwa, mama anayesukwa anasema bila kupepesa macho anavyopenda kushikwa, wapi, na kwa muda gani, na wenzake wanamkosoa kama wanaojadili mapishi. Akiingia mwanamume kuchaji simu, mazungumzo yanahamia bei ya unga.

Mazungumzo yale ndiyo ninayoyataka kwenye karatasi. Katika ushairi, ambao pia ninauandika, ni kazi ngumu zaidi, maana tumerithi mafumbo mazuri, asumini, embe, kisima, na karibu yote yanatoka kwa jicho la anayemtazama mwanamke. Nikitaka anachokihisi yeye, inanibidi nitaje goti, mgongo, pumzi. Inanibidi nitaje pia chumba kimoja cha ploti, pazia katikati, watoto wamelala upande wa pili, na mama anayeuma pindo la leso ili jirani asisikie. Hiyo ni ashiki ya Eastlands, na ina heshima yake kamili.

Niliwasomea wale wa saluni sura ya mama wa mitumba na fundi. Shosho mmoja alisikiliza hadi mwisho, akasema, “Mwanangu, huyo wako ana arobaini na moja. Sisi tuliopita sabini, unadhani tulizima?”

Shairi ninaloandika sasa ni lake. Amenikataza kuliita la mjane.