Jina Ambalo Redio Haikulitaja

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza hivi karibuni kwa nini bendi zetu za zamani zilijiita jazi ilhali zilipiga dansi. Nilimjibu kwa kifupi kwamba kwetu jazi lilikuwa jina la bendi yenye magitaa na matarumbeta, basi. Kisha nikajikuta ninamsimulia habari za King Michael Enock.

Nilianza kumsikia Mandawa, upande wa Ruangwa, nyumbani kwa mjomba wangu, ambaye betri za redio yake zilianikwa juani kila asubuhi ili zifike jioni. Jina lake hatukulijua. Mtangazaji wa Redio Tanzania alitaja wimbo na bendi, pengine na mwimbaji. Sisi watoto tuliwaiga waimbaji. Mjomba, mkulima wa korosho asiyejua kupiga chombo chochote, alisubiri pale wimbo unapoacha kusimulia na kuanza kuchemka, saksafoni na matarumbeta yakijibizana na magitaa. “Hapo pana mtu,” alikuwa akisema.

Kweli palikuwa na mtu. Enock alijulikana kwanza kwa gitaa la solo katika Dar es Salaam Jazz, miaka ya 1960, kisha akashika saksafoni. Katika Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, alikuwa miongoni mwa viongozi na mpangaji wa muziki. Mtunzi huleta maneno na sauti yake. Mpangaji huamua nani aingie lini, nani anyamaze, na matarumbeta yajibu nini. Bendi ile ilikuwa ya shirika la umma la usafiri na teksi, na tangu 1983 ikawa ya DDC. Kwa lugha ya watumishi wenzangu, wale walikuwa waajiriwa: vyombo ni vya mwajiri, na nyimbo zilizorekodiwa zikabaki kwenye maktaba ya redio, zikipigwa miaka nenda rudi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda hata upangaji wa muziki. Nikaingia ofisi moja (siitaji) kuuliza kuhusu kumbukumbu za nyimbo za zama zile. Nilionyeshwa fomu yenye nafasi ya wimbo, bendi, mtunzi na mwimbaji. Nikauliza mpangaji anaandikwa wapi. Kijana wa mezani, kwa adabu kabisa, akaigeuza karatasi na kunionyesha mstari wa chini.

“Mwandike hapo, mzee, kwenye Maoni Mengineyo.”