Jumuiya Iliyosali Chini ya Dungu



Wapendwa Taifa la Mungu, kila mwaka mvua zinapolijaza maji bonde letu la Kilombero, kanisa letu hupungukiwa watu. Familia nyingi hufunga nyumba zao hapa Ifakara na kuhamia mashambani kulima mpunga na kuulinda dhidi ya ndege na nguruwe mwitu, hadi mavuno. Kwa miaka kadhaa tuliyatazama mabenchi matupu, tukahukumu kwamba imani imelegea. Tulilisema hilo hata altareni. Leo tunaomba radhi.

Msimu mmoja tuliitwa kumpaka mafuta matakatifu mzee aliyeugua shambani. Tulikwenda kwa pikipiki hadi njia ilipokwisha, kisha kwa miguu topeni. Jioni, baada ya kumhudumia mgonjwa, tulisikia wimbo. Chini ya dungu la jirani walikusanyika watu wapatao kumi na wanne, wakisoma Injili kwa mwanga wa tochi. Hawakuwa wamemsubiri padre ili waanze.

Aliyewaongoza alikuwa mama mjane. Jina lake tulilifahamu kutoka daftari la jumuiya yake mjini, katika orodha ya wasiohudhuria. Alisoma habari za wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau. Wakanyamaza kitambo, kisha kila mmoja akaeleza neno lililomgusa. Mama yule alisema kwamba wanafunzi wale walikuwa wamevunjika moyo, ila hawakuacha kusimuliana habari za Yesu, na ndipo Yesu mwenyewe akaungana nao.

Baada ya sala tulimwuliza kwa nini mjini haonekani jumuiyani. Alijibu kwa upole: "Baba Paroko, kule nikifika naulizwa deni la mchango kabla sijaulizwa habari za nyumbani. Huku hatudaiani. Tunapeana Neno."

Tulirudi usiku ule tukiwa na mzigo moyoni. Maaskofu wa AMECEA, katika mkutano wao wa mwaka 1976, waliweka mkazo katika kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ili majirani walishirikishane Neno la Mungu na kubebeana mizigo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kufundisha mwaka 1965 kwamba utume wa walei unatokana na Ubatizo wao. Si msaada wa muda padre anapokosekana. Sisi, kidogo kidogo, tulikuwa tumeigeuza jumuiya kuwa kituo cha kukusanyia michango.

Hatusemi michango haina maana. Jimbo letu la Ifakara lilizaliwa mwaka 2012 kutoka Jimbo la Mahenge, na ni wajibu wetu kulitegemeza. Lakini mchango ni tunda la imani; tusiufanye kuwa mlango wa kuingilia.

Baada ya mavuno, wanajumuiya wale wa shambani walileta ombi katika halmashauri ya parokia: Neno na ushirikishano vitangulie, mambo ya fedha yaje mwishoni, na jina la mdaiwa lisisomwe hadharani. Baadhi ya viongozi walihofu kwamba makusanyo yatashuka. Hatutaficha: miezi ya mwanzo yalishuka. Lakini watu waliokuwa wakijificha walianza kurudi, mmoja mmoja, wakiitwa na majirani zao. Mahubiri yetu hayakuwa yamewarudisha. Mama yule sasa anaongoza ibada ya jumuiya katika mtaa wake.

Wapendwa, juma hili tunawaomba mambo mawili. Mkisha kusoma Injili jumuiyani, kila mmoja, hata kijana na mtoto, apewe nafasi ya kusema neno moja lililomgusa. Kisha mtembeleeni jirani mmoja aliyeacha kuja. Mwulizeni habari za nyumbani, msali pamoja naye. Daftari liacheni nyumbani.

Mungu awabariki nyote, walio mjini na walio mashambani.