Usinihurumie

Nakumbuka Mei 1997, redio ilipotangaza kwamba kompyuta iitwayo Deep Blue imemshinda Garry Kasparov katika sataranji huko New York, 3.5 kwa 2.5. Mwaka 1996, Philadelphia, Kasparov ndiye aliyeshinda, 4 kwa 2. Nilimkimbilia mjomba kibarazani, pale Lushoto, akipanga kete za bao. Ukungu umeshuka hadi migombani.

“Hiyo mashine huchoka?”

“Haichoki, mjomba.”

“Na humhurumia mtu?”

Nilinyamaza. Tangu afiwe na mkewe akili yake haikutulia, nami miezi yote ile nilimwachia ashinde makusudi. Kumbe alijua.

“Basi leo, mpwa wangu, cheza kama hiyo mashine.”

Nilimfunga mara tatu. Mara ya nne alinifunga yeye.