Vyuma vya Babu na Mikono ya Mjukuu



Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha nyumba moja Mombasa, misahafu miwili, saa ya ukutani na mfuko wa fimbo za gofu. Nyumba na vyombo viligawanywa kwa kanuni za mirathi bila ya mgogoro. Mfuko wa fimbo ndio uliotushinda: hakuna aliyethubutu kuuomba, wala aliyependa kuuona ukiuzwa. Hatimaye warithi wote waliridhia uje kwetu, sisi dada wawili tunaokaa nyumba moja hapa Spring Valley, Nairobi, ili binti yetu autumie. Tunasema binti yetu, kwani kwetu sisi watu wa Pwani mtoto wa dada ni mtoto, na aliyemzaa hana haja ya kutajwa. Wakati huo alikuwa na miaka 12.

Tunaandika habari hii kwa sababu tulikosea, na kosa letu lilitokana na mapenzi.

Baba alikulia karibu na uwanja wa Klabu ya Gofu ya Mombasa, ule wa mashimo 9 ulio kando ya bahari. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1911, na katika utoto wa baba njia ya mvulana wa mtaani kuingia pale ilikuwa kubebea wachezaji mifuko yao. Alibeba, akatazama, akajifunza kwa macho. Alipopata ajira akanunua fimbo zake mwenyewe, na maisha yake yote alizifuta kwa kipande cha kanga kila alipotoka kucheza. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Seve Ballesteros, Mhispania aliyeshinda mashindano ya Kenya Open mwaka 1978. Baba alitusimulia kwamba kijana yule alianza mchezo kwa kichwa kikuukuu cha chuma namba 3 alichokitia kijiti, akipigapiga vijiwe ufuoni. “Mkono hufunzwa na tabu,” alikuwa akisema.

Kwa wasioujua mchezo huu, tueleze kidogo. Mchezaji haruhusiwi kubeba zaidi ya fimbo 14. Nyingi kati ya hizo huitwa vyuma, na hupewa namba. Namba ikiwa ndogo, mti wa fimbo huwa mrefu na uso wa kichwa husimama, na mpira huenda mbali bila ya kupaa sana. Namba ikiwa kubwa, mti huwa mfupi na uso hulala nyuma, na mpira hupaa juu na kuanguka karibu. Vyuma vya baba vilikuwa bapa: kichwa chembamba, mgongo mzima usiochimbwa, na mti mzito wa chuma cha pua. Ni vyuma vya fundi. Ukiupiga mpira katikati ya uso, huhisi kitu mkononi. Ukikosea kwa upana wa kidole, mtikisiko hupanda hadi kwenye kiwiko na mpira huenda unakotaka wenyewe.

Hivyo ndivyo tulivyompa mtoto wa miaka 12. Fundi mmoja wa mjini alitukatia miti iwe mifupi, nasi tukaona tumemaliza kazi. Kila Jumamosi asubuhi tulimpeleka kwenye uwanja wa mazoezi upande wa Kabete, amejifunga mtandio wake vizuri, amevaa suruali pana na shati la mikono mirefu. Alikuwa na hamu kubwa. Desemba 2019 alikuwa ameona picha za wanawake waliokuja kucheza Vipingo Ridge, kule Kilifi, katika mashindano ya Magical Kenya Ladies Open yaliyoshindwa na Mjerumani Esther Henseleit, na tangu hapo hakusema jambo jingine.

Kwa miezi minne tuliketi kwenye benchi na chupa yetu ya chai, tukimtazama akipiga ardhi, akipiga hewa, akipiga mpira ukakimbia chini kama panya. Viganja vilitoka malengelenge. Kila alipotugeukia tulimkumbusha kijiti cha Ballesteros na subira ya babu yake. Jumamosi moja, ndani ya gari, akasema kwa sauti ndogo, “Mama, nadhani mimi sikurithi kitu kwa babu.” Tangu siku hiyo kila ilipofika Jumamosi alikuwa na kichwa kinachomuuma.

Neno lile lilitunyima usingizi. Tukamwendea mwalimu mmoja wa uwanja ule, mtu mzima ambaye naye alianza kwa kubeba mifuko. Akakishika kimoja cha vyuma vyetu, akakipima uzito mkononi, akatuuliza kama tuna poda ya mtoto. Tulikuwa nayo. Akaupaka poda uso wa chuma namba 7, akamwambia binti apige mipira kumi, akipaka upya kila baada ya pigo. Alama za mpira zilitapakaa toka ncha hadi shina la kichwa. Katikati hapakuwa na hata moja. Akampa chuma kingine, chepesi, cha watoto, wakarudia. Alama zilitapakaa vilevile, lakini mipira sita ilipaa.

“Mama, huyu mtoto hana shida,” alituambia. “Makosa ni yale yale. Chuma hiki kinamsamehe, kile cha mzee hakisamehi.”

Tukamtajia Ballesteros. Akacheka. “Kijiti alichagua mwenyewe, mama. Alichagua kinachomtosha mkono.”

Siku hiyo tulijifunza kwamba kumkatia mtoto fimbo ya mtu mzima si kumpa fimbo ya mtoto. Mti uliokatwa huzidi kuwa mkavu usiopinda, na kichwa hubaki na uzito ule ule. Mtoto hulazimika kuuvuta kwa mabega, na mwili wake huzoea vibaya.

Tukajifunza pia kwamba kusamehe kwa chuma kuna hesabu yake. Karsten Solheim, Mnorwe aliyekulia Marekani, alikuwa fundi viatu kabla ya kuwa mhandisi, na gofu aliianza akiwa mtu mzima. Mpira ulipokataa kuingia shimoni hakuulaumu mkono wake peke yake. Aliishuku na fimbo. Mwaka 1959, katika gereji ya nyumba yake, alitengeneza fimbo ya kusukumia mpira shimoni ambayo uzito wake umehamishiwa pembeni, na baadaye kampuni yake ya PING ikautia ufundi huo katika vyuma. Kichwa huchimbwa mgongoni, na chuma kinachoondolewa hurudishwa kwenye kingo. Kichwa cha namna hiyo hakizunguki upesi mpira unapogusa pembeni, na pigo baya halipotei lote. Jina la Solheim ndilo linalobebwa na kombe wanaloshindania wanawake wa Ulaya na Marekani tangu mwaka 1990.

Kwa kina mama wanaotaka kuanza, au wanaotaka kuwanunulia watoto, haya ndiyo tuliyoyapata.

Anayeanza atafute vyuma vilivyochimbwa mgongo, vyenye kichwa kikubwa kiasi na kitako kipana. Kitako kipana huteleza juu ya nyasi badala ya kuchimba, na hapa Nairobi, penye nyasi za kikuyu zinazokamata fimbo kama nywele zinavyokamata kitana, hilo lina faida kubwa. Hana haja ya fimbo 14. Nusu yake inamtosha kabisa. Namba 3 na namba 4 aziache, maana ni ngumu kuliko zote.

Mwanamke na mzee wajaribu miti ya grafaiti, ambayo ni mepesi kuliko ya chuma cha pua na hupinda kwa urahisi zaidi, hata mkono usio na kasi ukaweza kuupandisha mpira. Kimo nacho kipimwe. Simama wima umevaa viatu vya kuchezea, mtu akupime kwa uzi toka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni, kisha mpe muuzaji kipimo hicho.

Aliyekwisha kuzoea, ambaye mipira yake mingi hupaa na kwenda alikokusudia, anaweza kuchukua vyuma vyenye kichwa kidogo zaidi na tundu dogo mgongoni. Vyuma bapa ni vya yule ambaye poda inaonyesha alama zake zote mahali pamoja. Huyo anataka kuupinda mpira kushoto au kulia kwa makusudi, na chuma bapa kinamtii.

Namba zilizochorwa nazo zisikuhadae. Chuma namba 7 cha zamani kiliwekwa uso wa nyuzi 34 au zaidi. Kuna vya siku hizi vyenye nyuzi 30 na hata chini yake. Muuzaji akikuonyesha kwamba chuma chake kipya kinaupeleka mpira mbali kuliko chako, muulize nyuzi. Tena hapa tupo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na katika hewa nyepesi mpira huenda mbali kuliko Mombasa, kwa hiyo vipimo vya ndugu wa Pwani usivichukue kama vyako.

Sisi tulinunua seti ya mtoto iliyokwisha kutumika, fimbo tano tu, kwa sababu mtoto hukua na kulipia usichokihitaji ni israfu.

Jambo lililobaki moyoni mwetu ni hili. Gofu wenyewe ni mchezo unaokiri kwamba watu hawalingani. Kila mchezaji hupewa handikapu, yaani mapigo anayopunguziwa ili mdhaifu acheze na hodari kwa haki, na tangu utaratibu wa dunia nzima ulioanza mwaka 2020 kiwango cha juu ni 54, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Mchezo umempa mtoto nafasi 54 za kukosea. Sisi tuliompenda hatukumpa hata moja. Tulidhani tunamrithisha babu yake, kumbe tulikuwa tukimpa ushahidi kila Jumamosi kwamba yeye si wa ukoo ule.

Tulimwomba radhi. Haikuwa rahisi, maana si desturi yetu wakubwa kumwomba radhi mtoto. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Jumamosi tunakwenda.

Vyuma vya baba tulivirudisha Mombasa kwa kaka yetu, mchezaji mzuri, kwa ridhaa ya warithi wote. Alivitia miti mipya na anacheza navyo uwanja ule ule wa kando ya bahari. Binti aliomba abakishiwe kimoja, namba 9, ambacho mti wake nao ulirudishwa urefu wa mwanzo. Sasa amekua, na kila anapomaliza mazoezi hukipaka poda akapiga mipira kumi, kisha hutuletea benchini tuhesabu. Jumamosi iliyopita alama nne zilikuwa katikati.