Zirai na pikipiki isiyo na ukoo

Juzi nilipanda Zirai, milima ya Usambara juu ya Muheza, kunakonukia iliki na mdalasini. Mjomba kauza iliki zake, anataka pikipiki ya bodaboda. Mjini kaonyeshwa moja inang'aa, bei poa, jina hatujawahi kulisikia.

"Mjomba, tulia kwanza," nikamwambia. Tukamfuata fundi kijijini. Hata rangi hakuuliza! "Spea zake Muheza zipo?"

Kesho yake tukashuka, tukazunguka maduka. Spea za Boxer na TVS, pikipiki za kutoka India, tele. Za ile? Hola! Sasa waya wa klachi ukikatika mlimani, mvua inanyesha, si utasukuma mpaka ukome?

Mjomba karudi na hela zake. Nawe, muulize fundi kabla ya muuzaji.