Walitaka Zanzibar, Wakaishia Kasanga: Safari ya Siku Tatu ya Wanandoa wa Kasense

Wadau wa Sumbawanga mnaijua baridi ya mwezi wa saba. Asubuhi Kasense nzima inatembea na makoti, boda wanajifunika mpaka macho, na maji ya kuoga bila kuchemsha ni adhabu. Kwenye baridi hiyo hiyo, dada mmoja fundi cherehani aliweka stetasi ya picha ya bahari aliyoitoa mtandaoni, chini akaandika: "Muda si mrefu."

Simu ikaanza kulia. "Shoga hiyo Zenji!" "Tuletee zawadi!" Hakumjibu mtu.

Ambacho wengi hawakukijua ni kwamba mwezi wa nne dada huyo alipoteza mimba ya miezi mitano. Tangu siku hiyo nyumba ilipoa. Mumewe, boda wa pale stendi, alikuwa akirudi jioni anamkuta kakaa mbele ya cherehani, kitambaa kipo, uzi upo, lakini hashoni. Majirani nao, tena kwa nia njema kabisa, walikuwa hawaachi kuuliza: "Vipi, mwili umerudi? Mnajaribu tena lini?"

Jamaa akaona dawa ni kumtoa pale. Ndani kulikuwa na kopo lenye laki sita, hela waliyoweka kidogo kidogo kwa ajili ya vitu vya mtoto. Akamuuliza, "Mke wangu, unataka twende wapi?"

"Popote."

Wanaume mnalijua jibu hilo. Hakuna jibu gumu kama hilo.

Dada alikuwa ameweka stetasi ile ya bahari ili watu wabadilishe maswali tu. Zanzibar yenyewe hakuwa na uhakika nayo. Usiku mmoja akiwa anamaliza bando akakutana na video ya wazungu wawili wanalinganisha sehemu za kwenda kuteleza kwenye theluji. Walikuwa wanachambua kweli kweli: mlima uko juu kiasi gani, maana ukiwa chini theluji inaisha mapema, mwezi gani ndio mzuri, kuna miteremko ya wanaoanza au yote ni ya wazoefu, na tiketi ya kupandishwa juu kila siku ni bei gani. Hata Afrika wanasema zipo, Oukaïmeden kule Morocco na Afriski kule Lesotho.

Akacheka kidogo. Akamwambia mumewe, "Hawa wanaanza na nani anaenda. Wapi inakuja baadaye."

Akavuta daftari lake la vipimo vya wateja, akachora safu nne.

Safu ya kwanza, Zanzibar. Bahari nzuri, picha nzuri, hilo halina ubishi. Lakini kutoka Sumbawanga mpaka Dar ni zaidi ya kilomita elfu moja kwenye basi, bado boti ya kwenda Unguja, na mwezi wa saba na wa nane ndio watalii wanajaa na bei zinapanda. Halafu kuna kitu kingine. Wifi yake anaishi Mbagala. Ukipita Dar ukalala lodge wakati wifi yupo, hiyo kesi ya ukoo. Na ukilala kwake, maswali yataanza kabla hujavua viatu.

Safu ya pili, Katavi. Hifadhi ya taifa tangu 1974, na lami ya kwenda Mpanda ipo. Kiangazi ndio wakati wake: maji ya mto Katuma yanapungua, viboko wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki mpaka wanalaliana. Ila boda yako huwezi kuingia nayo mbugani. Lazima ukodi gari, ulipe kiingilio, ulale nje. Kopo lingekwisha siku moja. Jamaa alitamani sana hii, lakini dada alimwambia, "Viboko ni wako, mimi nataka kulala."

Safu ya tatu, Kipili. Ziwa Tanganyika, visiwa mbele yako, maji meupe. Tatizo shangazi yake yuko Kirando, jirani kabisa. Yule shangazi angewapokea na ndoo ya mitishamba, na asingeelewa kwa nini mtu hataki kunywa.

Safu ya nne, Kasanga. Kutoka mjini unapita Matai, barabara ni kama kilomita 112, unafika siku hiyo hiyo. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kama 770, kwa hiyo ukishuka tu unavua koti. Wajerumani walikuwa wanapaita Bismarckburg, magofu ya boma lao yapo, na Liemba, ile meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa inatia nanga hapo. Gesti za bei ya kawaida. Samaki wa kumwaga.

Chini ya safu hiyo dada aliandika maneno mawili: "Hatujulikani huko."

Safari ikaamuliwa hapo.

Gesti waliyofikia, mhudumu aliuliza maswali mawili tu: mnakaa siku ngapi, na jioni mtakula migebuka au kuku? Dada alilala saa kumi na mbili mfululizo. Jamaa alikaa nje anaangalia mitumbwi, kila baada ya muda anachungulia ndani kama mke wake anapumua.

Siku ya pili wakakodi boda kwenda maporomoko ya Kalambo, pale mpakani na Zambia. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kuwa upande wa Zambia, juu kidogo ya maporomoko, yamepatikana magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na watu miaka kama 476,000 iliyopita. Ngazi za pale ni nyingi, na mtu ambaye mwili wake haujakaa sawa asijitie ushujaa. Katikati dada akasema miguu imekataa, akakaa. Ndipo akalia. Jamaa akakaa ngazi moja chini yake, hakusema neno. Baadaye dada akagundua naye analia. Tangu mwezi wa nne alikuwa hajamwona akilia.

Ngazi zilizobaki waliziacha.

Waliporudi Kasense marafiki walikuwa wanasubiri picha za Zenji. Dada akaweka sahani ya ugali na migebuka, chini akaandika "Kasanga". Wapo waliocheka. Mmoja akaandika, "Yaani safari yote ile ni Kasanga tu?" Akamjibu, "Kule kuna joto."

Walihesabu hela. Iliyotumika haikufika hata laki tatu. Iliyobaki ilirudishwa kwenye kopo lile lile.

Haya wadau, kabla hujaangalia bei na picha, andika kwanza nani anaenda na amechoka na nini. Kati ya hizo safu nne, wewe ungechagua ipi?