Kisanduku cha Sinema

Katika nchi ya Marekani, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya joto, na skuli nyingi hufungwa muda huo. Jua hukawia sana kutua. Katika jimbo la New Jersey, mwisho wa Juni, hupata saa mbili u nusu za usiku ndipo linapozama. Watoto wengi hufurahi kwa kuwa wanazidi kucheza. Lakini palikuwa na mtoto mmoja huko, katika miaka ya 1950, ambaye kila Jumamosi alilitazama jua kama adui yake, maana sinema ya uwanjani haikuweza kuanza mpaka giza liingie.

Sinema hiyo haikuwa na nyumba. Ulikuwa uwanja mpana, na upande mmoja umesimama ukuta mrefu uliopakwa rangi nyeupe. Watu walitazama picha hali wameketi katika motakaa zao. Jambo hilo lilianza katika jimbo lile lile, karibu na mji wa Camden, na aliyelianzisha ni Richard Hollingshead, ambaye jamaa yake walifanya biashara ya vitu vya motakaa. Kwanza alijaribu nyumbani kwake. Akatundika shuka kati ya miti, akaweka mashine ya picha juu ya motakaa, akaketi kutazama. Akaona kwamba motakaa ya mbele itaiziba ya nyuma; basi akatia magogo chini ya magurudumu ya mbele, akapima, hata akajua udongo uinuliwe kiasi gani. Tena akaimwagia motakaa maji kwa mpira wa bustani, apate kujua kama mvua itamzuia mtu kuona. Tarehe 6 Juni 1933 akafungua uwanja wake. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa motakaa na senti 25 kwa kila mtu, wala jamaa moja hawakulipa zaidi ya dola 1, hata wakiwa wengi namna gani.

Hapo kwanza sauti ilitoka katika vipaza sauti vikubwa, na majirani wakanung'unika kwa kukosa usingizi. Hata mwaka wa 1941 kampuni ya RCA ikatoa kisanduku kidogo cha sauti kwa kila motakaa. Kilitungikwa juu ya nguzo, kimefungwa kwa waya. Mtu alikitwaa akakipachika dirishani, na picha zikiisha akakirudisha. Mwaka wa 1958 viwanja hivi vilizidi 4,000 katika Marekani. Baadaye televisheni na bei ya ardhi zikavipunguza, na siku hizi vimesalia mia chache tu. Dar es Salaam nako palikuwa na kimoja tangu miaka ya 1960, katika barabara ya zamani ya Bagamoyo, na mahali pale leo umejengwa ubalozi wa Marekani wenyewe.

Kukirudisha kisanduku ndiyo iliyokuwa kazi ya yule mtoto. Babaye, mtu wa kazi ya kiwandani, alimkabidhi alipotimiza miaka minane, na mtoto akajiona mkubwa. Jumamosi mamaye alikaanga bisi nyumbani, kwa sababu za pale uwanjani zilikuwa ghali, akawavika watoto nguo za kulalia kabisa. Walifika mapema, wakacheza pembea chini ya ule ukuta mweupe, wakipigana na mbu, hata nyota ya kwanza ikaonekana na motakaa zikaanza kupiga honi kwa kukosa subira.

Usiku mmoja wa Julai picha zilikwisha karibu na saa sita. Mtoto alikuwa amejifunika blanketi, na nje majani yalikuwa yamelowa umande. Babaye akauliza, "Mwanangu, umekirudisha?" Akajibu, "Ndiyo, baba." Motakaa ikaondoka. Akasikia waya ukikatika nyuma yake, akafumba macho.

Walipofika nyumbani baba alikiona kisanduku kinaning'inia katika dirisha la nyuma. Akakitazama kitambo, akakichukua ndani, asiseme neno. Mtoto hakulala usiku ule. Aliona afadhali angalipigwa.

Kesho yake, walipotoka kanisani, wakaenda wawili tu. Mchana uwanja ulikuwa kitu kingine: karatasi zimetapakaa, magugu, na nguzo zimejipanga safu kwa safu kama makaburini. Mwenye uwanja alikuwa akifagia. Akawaonyesha sanduku lililojaa nyaya zilizokatika, akasema kwamba wengi huondoka na visanduku wala hawarudi. Baba akauliza bei, akafungua bahasha aliyoandika mamaye kwa mkono wake, yenye fedha za sinema za miezi ile, akahesabu. Ilibaki tupu.

Njiani akasema, "Kisanduku kimekwisha kulipwa." Hakuongeza neno, na mtoto alifahamu kwamba liko deni jingine.

Basi Jumamosi zilizobaki hawakwenda. Lakini kutoka juu ya paa la banda lao ukuta ule ulionekana kwa mbali, mdogo kama leso, na watu wadogo wakienda mbio juu yake pasipo sauti yo yote. Mtoto alipanda huko pamoja na umbu lake, msichana wa miaka mitano, ambaye kila mara aliuliza, "Huyu anasemaje?" Naye ilimpasa atunge maneno. Kwanza alimwambia, "Haya si maneno yao ya kweli, nayatunga mimi," ndipo akaendelea.

Usiku mmoja wa Agosti ngazi ikalia. Babaye alikuwa amesimama kwenye kipago cha juu, kofia mkononi, na haikujulikana amesikiliza kwa muda gani. Akaegemeza viwiko vyake juu ya paa.

"Na yule mwenye farasi," akasema, "yeye anasemaje?"